Kibali cha Kokwijuka

"Rudia tafadhali, waitu. Simu inakoroma," Kokwijuka alisema, akiubana mkono wa simu sikioni pale posta ya Bukoba.

"Kibali chako cha kusafiri kimezuiwa," mkuu wa idara yake alijibu kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam. "Kuna mtu wa huko kwenu amewaambia wakubwa wa vibali kwamba ukifika Ulaya hurudi tena."

"Mtu gani?"

"Hawakunitajia. Pole, binti. Na chuo kilichokualika kule hakitakungoja sana."

Alitoka nje. Mchumba wake Projestus, mwalimu wa shule ya msingi Buganguzi, alimpokea, akamfuta machozi kwa leso yake.

"Labda ndivyo Mungu alivyopanga," alimwambia kwa upole. "Baki tuoane. Hesabu unaweza kufundisha hata hapa."

"Kufundisha naweza. Kazi yangu siwezi. Miaka yote nimethibitisha mambo ambayo watu waliniambia hayana matumizi. Sasa nimeona ndiyo yanayoeleza jinsi mashine ya kompyuta inavyoweza kujifunza. Unaionyesha mifano, inakosea, unaisahihisha, mpaka inaacha kukosea. Nataka kujua ni lini itaacha, na ni lini haitaacha kamwe. Na mashine zenyewe serikali imekataza zisiingizwe nchini. Nitazipata wapi, Projestus?"

Projestus alitazama chini.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Watu walikuwa wakihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, na aliyetajwa kwamba anataka kuikimbia nchi hakupata wa kumtetea. Kokwijuka alijifungia nyumbani kwao Kaagya. Mama yake alimpelekea ndizi kwa samaki, akazirudisha jikoni zimepoa.

"Mama, ningekuwa sikusoma ningeumia hivi?"

"Usiseme hivyo, mwanangu," mama alijibu, naye analia.

Hapo ndipo Klaudia, dada yake Projestus, alipokuja kwa miguu kutoka Kashozi.

"Wifi, siwezi kukuangalia ukikauka hivi," alisema kabla hata hajakaa. "Ni kaka. Nilimsindikiza kwenye ofisi ya vibali pale mjini nikamsubiri barazani. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akisema umepanga kutoroka."

Kokwijuka hakulia tena. Alipanda basi la Muleba, akamkuta Projestus kibanjani, shambani kwake, akichuma kahawa.

"Ni wewe?"

Projestus aliweka kikapu chini.

"Niliogopa. Wangapi wamekwenda huko wasirudi? Mimi nafundisha darasa la tatu, Kokwijuka. Ungenikumbuka kwa lipi?"

"Ukanifuta machozi ukijua wewe ndiye uliyeniliza."

"Nisamehe. Hata hizo mashine zako zikikosea unazivumilia."

"Sizivumilii. Nazisahihisha." Alimtazama usoni. "Basi nenda kasahihishe."

"Nikikiri nilidanganya, watanifukuza kazi."

"Najua."

Alimwacha amesimama katikati ya mibuni.

Projestus alikwenda. Walimweka kwenye benchi asubuhi nzima, kisha akayasema yote mbele ya makarani waliokuwa wakimcheka. Ualimu wake uliisha wiki hiyo. Kibali kilitoka mvua zilipokuwa zinakatika, Kokwijuka akiwa ameshakata tamaa.

Siku ya safari, Projestus alimkuta gatini, meli ya Mwanza ikipakia magunia.

"Nimekuja kukuaga tu."

"Asante kwa kwenda kule. Nasikia walikuaibisha."

"Ilinistahili. Utarudi?"

"Nitarudi. Mama yupo hapa, na wapo watu wa kufundisha."

"Na kwangu?"

Kokwijuka alivua pete ya uchumba, akaiweka kiganjani mwa Projestus, akamkunja vidole mwenyewe.

"Bado nakupenda, na hilo ndilo linaloniumiza. Ila kila ukinishika mkono nitakuwa najiuliza unanizuia au unanishika. Usiningoje, Projestus."

"Nitakungoja."

"Nimekwambia usiningoje."

Alibeba sanduku lake mwenyewe, akapanda. Meli ilipiga honi, ikaondoka. Projestus alibaki pale, ngumi imefumbata pete, mpaka makuli walipomwomba apishe.