Senti za Tundu

Rafiki yangu Saadi, mkusanyaji wa sarafu za kale, siku hizi anasinzia hata akiwa anaongea. Sababu alinisimulia mwenyewe.

Alikwenda Sombetini kwa mjane mmoja, Bi Maulida, kununua senti za enzi ya Mwingereza, zile zenye tundu katikati. Zilikuwa zimetungwa kwenye uzi kama tasbihi. Bibi hakutaka hata kusikia bei.

"Chukua tu, mwanangu. Mimi nataka kulala."

Jioni, nyumbani kwake Themi, umeme ukakatika. Ubaridi wa Meru ulikuwa umeshaingia ndani. Saadi akasikia mezani: tik. Kimya. Tik. Kama mtu aliyechoka anavuta uradi, anasogeza senti moja moja kwenye uzi.

"Salwa, acha kuchezea hizo senti," akamwambia mkewe.

Salwa akaitikia kutoka uani, jikoni.

Saadi akapapasa gizani mpaka akaushika uzi. Senti zote zilikuwa za baridi, isipokuwa moja, yenye joto la kiganja. Akaikamata. Tik. Ikaanza kupoa vidoleni mwake, na ile iliyofuata ikaanza kupata joto.