Kaburi Nyuma ya Ghala la Namunyiri

Kaburi lilikuwa nyuma ya ghala la mahindi la stesheni, hatua tano kutoka kwenye reli. Udongo ulikuwa bado mbichi, na juu yake palikuwa na matone ya damu iliyokauka.

Tangu walowezi wa Kizungu wauze mashamba yao na kuondoka, treni haikufika tena Namunyiri. Jumatatu iliyofuata mafundi wangekuja kung'oa reli. Kwenye stesheni alibaki mlinzi mmoja tu, Phineas, naye hakuonekana kwa siku tatu.

Inspekta Philemon alichutama, akakunjua futi yake, akapima.

"Futi nne na nusu. Phineas ana urefu gani?"

"Ni mlingoti, afande," alijibu konstebo Kipruto. "Labda Sylvanus alimkunja."

Sylvanus, mkulima aliyepewa shamba la skimu, ardhi ya walowezi iliyogawiwa na serikali, alikuwa rumande tangu jana. Aligombana na Phineas juu ya mabati ya stesheni, akapaza sauti mbele ya watu: "Nitakuzika hapa hapa!" Sasa kaburi lilikuwa limepatikana, na maneno hayo yangeweza kumfikisha kitanzini.

"Chimbeni polepole," alisema Philemon.

Lilitokea blanketi. Kipruto alilifunua, akaruka nyuma, kisha akaangua kicheko. Ndani mlikuwa na shina la mgomba.

"Afande, tumemfunga mtu kwa kuua ndizi!"

Philemon hakucheka. Alivua kofia.

"Huku kwetu, mtu akifia mbali na mwili usirudi, huzikwa mgomba badala yake. Damu ni ya jogoo. Manyoya yake haya hapa."

"Basi ni mazishi ya Phineas?"

"Mtu aliyepotea siku tatu hutafutwa kwanza, hazikwi. Tumtafute aliyekata mgomba. Utomvu wake hautoki nguoni."

Walifuata reli nyumba kwa nyumba. Ya nne, walimkuta Mama Mideva akipukuchua mahindi. Gauni lake lilikuwa na madoa meusi kifuani.

"Mama, gauni limepatwa na nini?"

"La kazi hilo, mwanangu."

"Kazi ya kaburi?"

Mikono yake ikasimama.

"Sylvanus yuko ndani," Philemon alisema taratibu. "Watu wanasema amemuua Phineas, akamzika pale."

"Uwi! Phineas ni mzima! Yuko Chekalini kwa dada yake. Ndiye alinichimbia, halafu akaogopa kufutwa kazi kwa kuchimba ardhi ya reli."

"Ulimzika nani?"

"Hezekiah, mume wangu. Alipandia treni hapo stesheni mwaka wa arobaini na mbili, akienda kupigana na Wajapani vita vya Bama. Barua ikasema hajulikani alipo. Basi nikawa naendanga kila treni ya Jumanne, natazama wanaoshuka."

"Mbona umemzika sasa?"

"Si wanang'oa reli? Atarudi na njia gani tena?"

"Na mbona si nyumbani?"

"Nyumbani gani? Tulikuwa maskwota, tukikaa kwa shamba la mzungu. Hata hapa nimewekwa na dada yangu. Stesheni ndiyo haikuwa shamba la mtu."

Saa kumi alasiri Kipruto alirudi na Phineas nyuma ya baiskeli, mzima, macho chini kwa aibu. Philemon akashusha pumzi. Alikwenda kufungua mlango wa rumande mwenyewe.

"Wewe mlinzi," Sylvanus alisema, "kidogo ninyongwe kwa ajili yako!"

"Na wewe punguza mdomo," Phineas akamjibu.

Mama Mideva, aliyekuwa ameletwa kituoni, aliinuka kwenye benchi. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

Philemon alimweleza Sylvanus yote, bila kuficha kwamba mafundi wangepita na sururu pale pale kaburini.

Sylvanus akajikuna shingo.

"Mama, mimi nimepewa ekari kumi na tano," alisema hatimaye. "Mzee mmoja atanipunguzia nini? Mleteni alale shambani kwangu."

Mideva akaketi chini kwenye baraza la kituo cha polisi, akalia kwa sauti kubwa, kama mtu aliyefikiwa na msiba siku hiyo hiyo. Hakuna askari aliyemnyamazisha.