Mhisi Mwenye Mimba

Gari jeupe lisilo na dereva lilitoka kasi upande wa pili wa ukumbi, likaugonga ukuta wa zege na kujikunja pua. Vumbi lilipotulia, sauti tulivu ikasikika kutoka ndani.

"Shingo, maumivu kidogo. Mbavu, salama. Magoti, salama."

Aliyesema ni mhisi, mwanasesere mwenye umbo la mtu mzima, mwenye neva za bandia chini ya ngozi ya mpira. Zamani wanasesere wa majaribio walikuwa bubu, na wahandisi walibaki kusoma grafu. Mhisi aligongwa, kisha akaeleza mwenyewe palipouma.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa magari, katika chuo kikuu kimoja jijini Mbeya, walipiga makofi. Subilaga Mwakatobe hakupiga. Miaka kadhaa nyuma, dada yake Atupele alipanda gari la aina hiyohiyo, lililofaulu jaribio hilohilo, akiwa na mimba ya miezi saba. Liligonga nguzo likiwa kwenye mwendo mdogo tu. Atupele alitoka bila mchubuko. Mtoto hakuishi.

"Profesa, hakuna mhisi mwenye mimba?" aliuliza.

"Hakuna. Sheria haidai awepo," alijibu Profesa Nyamizi.

"Basi nitamtengeneza. Ndiyo mradi wangu wa mwisho."

Profesa alimtazama. "Kiwanda cha magari kimeshakuahidi kazi ya kuunda betri. Na gari hili ni la kwao."

"Najua, Profesa."

Wenzake walishachagua njia zao: wengine programu za uendeshaji, wengine injini za hidrojeni, wengine usanifu wa bodi. Subilaga alijifungia karakanani na tumbo la jeli, mfuko wa maji na kitoto cha mpira. Tumbo lilikamilika, lakini neva zake hazikujua lolote. Mhisi hufundishwa maumivu na mtu aliyeyapata.

Alimkuta Atupele jikoni, anakanda unga wa chapati.

"Dada, ni wewe tu unayeweza kumfundisha. Ukikataa, nitaelewa."

Atupele aliendelea kukanda. "Waliniambia niliuvaa mkanda vibaya," alisema hatimaye. "Polisi, daktari, hata mama mkwe. Kwamba niliupitisha juu ya tumbo. Nami sikumbuki nilivyouvaa." Akafuta mikono. "Nitakuja."

Akawa anakuja karakanani kila Jumamosi. Aliketi mbele ya mhisi, akimbonyeza tumbo kwa kiganja. "Hapa. Si hivyo, zaidi." Mara nyingine alinyanyuka ghafla akatoka nje, na Subilaga alimsubiri bila kumwita.

Siku ya jaribio, katika gari jipya la aina ileile, Subilaga alimfunga mhisi mkanda chini ya tumbo, juu ya nyonga, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Mhandisi Kashinje wa kiwandani aliukagua kwa mkono wake, akakubali. Gari likaenda kwa mwendo mdogo, likagonga ukuta.

"Kichwa, salama. Kifua, salama. Mkanda umepanda. Umebana tumbo. Mtoto hayuko salama."

Kashinje aliomba jaribio lirudiwe. Jibu likawa lilelile.

"Itabidi tuyarudishe kiwandani magari yote yaliyo barabarani," alisema polepole. Kisha akamgeukia Subilaga. "Ile nafasi ya betri, sidhani kama wakubwa watakupa tena."

"Nilishalijua hilo nilipoanza," Subilaga alijibu.

Atupele alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha watazamaji. Subilaga alimfuata.

"Ulimfunga mkanda chini?" Atupele aliuliza.

"Chini, dada. Mkanda ulipanda wenyewe."

"Kwa hiyo hata kama niliuvaa vizuri..."

"Hata kama uliuvaa vizuri."

Atupele aliegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Miaka yote hii," alisema, "nimekuwa nikimwomba mtoto msamaha."

Subilaga alimshika mkono. Ukumbini, mafundi walikuwa wanaliingiza gari la kampuni nyingine.

"Nisubiri kidogo, dada," alisema. "Nimewaomba walete na hilo."