Masuke Saba ya Bibi Perisi

Kifumanasaba kilikuwa kikubwa kama lori, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuumba mbegu. Upande mmoja kilimeza punje, kikazisaga na kusoma nasaba zake, uzi kwa uzi. Upande wa pili, baada ya dakika kumi na moja, kilitema mbegu mpya ambayo hakuna shamba lililowahi kuizaa. Kwa miaka kumi na tisa mashine hiyo ya Dodoma ilikuwa imeilisha nchi kwa mtama mmoja, uitwao Imara, uliovumilia ukame kuliko mtama wowote.

Asubuhi ile haikutema mbegu. Ilitoa maneno mawili: HAKUNA UZI.

Daktari Nyemo Chidawali aliyasoma mara tatu. Mvua ilikuwa imegoma msimu wa tatu mfululizo, na safari hii ukame ulifuatana na ukungu mwekundu, ulioingia kwenye mabua yaliyochoka kwa kiu. Mimea yote ya Imara ilikuwa ya nasaba moja, kama mapacha. Kilichoua bua la Kongwa kiliua na la Singida. Mashine ingeweza kufuma upya nyuzi ilizowahi kusoma, lakini uzi wa kuzuia ukungu haikuwahi kuuona.

"Mbegu za kienyeji je?" aliuliza Profesa Kaijage, mkuu wake.

"Tulizimaliza wenyewe, Profesa. Mimi nilikuwa kwenye malori. Tulibadilishana gunia la zamani kwa gunia la Imara. Zile za zamani zikawa chakula cha kuku."

"Zote?"

Nyemo alikumbuka nyumba moja, kijijini Chilolwa, ambako mwanamke alimfungia mlango usoni.

Alifika mchana. Bibi Perisi Ndahani, sasa mzee wa miaka themanini, alifungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa lori."

"Ndiye mimi."

Juu ya meko yalining'inia masuke saba ya mtama yaliyokaushwa kwa moshi, meupe na mekundu, moja limejipinda kama shingo ya bata. Kando ya meko, kitandani, alilala Mzee Yona, mumewe Perisi, miguu imevimba kwa njaa.

Nyemo alieleza. Katika mtama wa kienyeji kila punje ina nasaba yake. Huenda uzi unaotafutwa umo kwenye punje moja kati ya elfu, kwa hiyo ilibidi zisomwe zote. Na mashine husaga kila inachosoma.

"Nilitaka kuyatwanga leo," alisema Perisi. "Huyu hajala tangu juzi. Umemletea nini?"

Nyemo alikuwa amekuja mikono mitupu. Mjini nako waligawiwa kikombe kimoja cha uji kwa siku, na chake alikuwa ameshakinywa.

"Kesho nitaleta chakula, bibi. Naapa."

"Mpe," sauti ya Yona ilitoka kitandani.

"Yona! Utakula nini wewe?"

"Mpe, Perisi. Mbegu hii niliachiwa niipitishe. Sikuachiwa niimalize."

Perisi alishusha masuke moja moja, bila kumtazama mgeni.

Kesho yake Nyemo alibisha hodi kwenye ghala la serikali, akalikuta tupu. Alirudi mashineni, na hakuondoka tena. Mashine ilisoma punje elfu kumi na nne. Siku ya nne uzi ukapatikana kwenye punje thelathini na moja, zote za lile suke lililojipinda. Watu wazima walikumbatiana wakilia.

"Sasa tufume aina mia, tuzichanganye," alisema Nyemo. "Tusirudie kosa."

"Mvua inatarajiwa wiki ijayo," alijibu Profesa Kaijage. "Muda tulio nao ni wa aina moja. Na kumbukumbu ya mashine imejaa. Ili ifume, lazima ifute nasaba nyingine zote ilizosoma."

"Tukizifuta hazitarudi."

"Watu wanakufa, Nyemo."

Kitufe cha kufuta alikibonyeza Nyemo mwenyewe.

Siku ya tisa alirudi Chilolwa na gunia la mbegu na kilo tano za unga uliofika ghalani jana yake. Kando ya zizi palikuwa na kaburi bichi.

"Alikuulizia," Perisi alimwambia. "Siku ya pili na ya tatu. Baadaye akanyamaza."

"Nisamehe, bibi."

Perisi aliuweka unga kando. Alichota mbegu, akazitandaza kiganjani, akazigeuzageuza kwa kidole kwa muda mrefu.

"Zote sura moja."

"Ndiyo, bibi."

"Na ugonjwa mwingine ukija, utarudi kwangu kuchukua nini?"

Perisi alizifunga zile mbegu kwenye pindo la khanga na kushika njia ya shambani, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na hapakuwa na kitu kingine cha kupanda.