Mota Aliyoichagua Mchumba

"Panda," Fundi alisema.

"Nipande niende wapi?"

"Mpaka kwenye tangi la maji, juu ya kilima hiki cha nyuma, halafu ushuke. Mota umeichagua wewe, unaijaribu wewe. Hiyo ndiyo sheria ya karakana hii."

Mnunuzi, aliyeziagiza baiskeli kwa niaba ya ofisi, alicheka peke yake. Jumamosi ijayo angemwoa mwanamke huyu aliyesimama mbele yake na grisi mpaka viwikoni. Nyuma yao zilikuwa zimepangwa baiskeli ishirini za mlimani, za umeme, za wauguzi wanaopeleka dawa kwenye makazi ya juu.

"Mpenzi, ya ofisini yasiingie kwenye ndoa."

"Nilikuandikia tuchukue mota ya katikati, inayokaa kwenye pedeli. Ile inasikia mguu. Ukiacha kukanyaga, nayo inaacha. Wewe umeleta ya gurudumu la nyuma, tena ya ovyo. Tazama."

Aliitundika moja kwenye stendi, akazungusha pedeli kwa mkono, akaacha, akabana breki. Mota ikaendelea kunguruma, gurudumu likipigana na breki. Moja. Mbili. Ndipo ikanyamaza.

"Haina swichi ya kuikata ukishika breki. Sekunde mbili, kwenye kona ya korongo."

"Muuzaji amenihakikishia ni nzuri."

"Basi panda."

"Goti linanisumbua."

"Jana ulicheza mpira."

Fundi hakuwa mtu wa kusahau. Wanunuzi wa namna hii ndio walioiletea ofisi kofia ngumu zilizopasuka kama maganda ya mayai, na kamba za kupandia zilizokatika watu wakining'inia. Na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyewahi kuning'inia. Hakujua kwamba mmoja angekuja kumvisha pete.

Simu yake ikaita. Mdogo wake, muuguzi.

"Dada, baiskeli yenu tamu jamani. Nimefika juu bila kuhema. Ila gurudumu la nyuma linachoma kama pasi."

"Baiskeli gani?"

"Si hii mpya. Shemeji kaniletea moja asubuhi, akasema umeshaikagua. Nataka kushuka, mvua inakuja."

Fundi alimgeukia mchumba wake. Akaweka spika, akamsogezea simu.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unachokijua."

Mnunuzi aliitazama simu. Akazitazama zile baiskeli ishirini. Akalamba midomo.

"Shemeji, wewe shuka tu. Polepole. Hakuna neno."

Fundi akampokonya simu.

"Usipande. Chomoa betri, uikokote baiskeli mpaka chini."

"Nitalowa, Dada."

"Lowa. Nakuja kukupokea."

Akakata. Akavua pete, ilitoka bila ubishi, grisi ilisaidia. Akaiweka juu ya tandiko la baiskeli.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukueleza," Mnunuzi alisema.

"Kilima cha nyuma ya karakana umekikataa. Mdogo wangu umempa mlima."

Fundi alipitisha mnyororo kwenye magurudumu ya baiskeli zote ishirini, akafunga kufuli, akachukua koti la mvua.

"Ofisi itakufukuza."

"Inifukuze. Namba za wauguzi wote ninazo."

Akatoka nje akiandika. Kabla hajafika getini, ujumbe ulikuwa umeshakwenda:

"Msipande baiskeli mpya. Muulizeni aliyezichagua kwa nini amekataa kupanda."