Uzi wa Mashoto

Mashoto alizikwa Jumanne, saa kumi jioni. Jua lilipozama, uzi wake ulikuwa bado haujakatwa.

Kazi hiyo alipewa mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, ambaye kila mtu alimwita Kitinda. Mama yao ndiye aliyewafundisha wote wawili kutunga shanga. Alimvuta pembeni, waombolezaji wakiwa bado uani.

"Kidani cha dada yako kiko mezani. Kata uzi, fumua chote, shanga zirudi koponi."

"Mama, si kesho tu?"

"Leo. Uzi uliolowa mate ya mtu haumaliziwi na mwingine. Kata, aende zake."

Kitinda akachukua mkasi, akaingia chumba cha kazi, akarudisha mlango.

Kidani kilikuwa juu ya kitambaa cheupe, kimefika nusu. Shanga za buluu zilikolea taratibu hadi zikawa nyeusi shingoni, na katikati ulipita mstari mwekundu, kama ufa ukutani. Sindano ilining'inia mwisho wa uzi.

Mchoro ule ulikuwa wa Kitinda. Aliuchora kwa chaki juu ya meza ile ile, kwa ajili ya mashindano ya kazi za mikono. Mashoto alipita, akautazama, akasema, "Wewe nichambulie rangi tu. Kushona niachie mimi." Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Mmoja alichambua, mwingine akapigwa picha. Mtaani hakuna aliyemjua Kitinda ila kama mdogo wake Mashoto.

Tena kidani kilishonwa kwa uzi mmoja usio na kiungo. Kukata ni kuunga, kuunga ni kupiga fundo, na majaji hulitafuta fundo kwa ukucha.

Akaufungua mkasi... Akaufunga.

"Umekata?" mama akauliza kutoka nje ya mlango.

"Nimekata."

Ijumaa, alipotoka kwenye duka la vitambaa alikofanya kazi, Kitinda alijifungia chumbani. Ncha ya uzi ilikuwa imechanuka. Akaitia mdomoni kuilainisha, kama wafanyavyo watunga shanga wote.

Karafuu.

Mashoto alitafuna karafuu kwa ajili ya jino lake bovu, mpaka siku aliyokufa. Kitinda akatema, akapangusa mdomo, akashona mistari michache. Akakifunika kidani.

Kesho yake jioni akakifunua. Mistari yake ilikuwepo, ila mishono yote ilikuwa imelalia kushoto. Yeye hushona kwa mkono wa kulia. Mishono yake hulalia kulia, hilo halina mjadala. Akafumua, akashona upya. Akageuka kuwasha taa.

Tik... tik... tik...

Shanga zilikuwa zikidondoka kwenye kisahani, mojamoja. Alipotazama, kisahani kilikuwa kimetulia. Chumba kizima kilinuka karafuu.

"Umelegeza," mtu akanong'ona.

Neno hilo Kitinda alilisikia kwa dada yake maisha yake yote. Hofu ilimpanda, lakini uchungu ukaipita mbio.

"Hata ukiwa kaburini hunipumzishi, dada? Haya, shona. Shona wewe. Lakini jina litakuwa langu."

Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, ukachukua sindano.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Kila aliyefika fainali alitakiwa kushona kifungo cha mwisho mbele ya majaji, ili ijulikane kazi ni yake. Msuka vikapu wa meza ya jirani hakuweza kujizuia.

"Leo nani atakushikia sindano, mdogo mtu? Mkubwa wako si ndiyo hivyo tena!"

Waliomzunguka wakacheka chini chini.

"Nimekuja peke yangu," Kitinda akajibu.

Akashika sindano kwa mkono wa kulia. Vidole vikafa ganzi. Sindano ikaanguka. Mkono wa kushoto ukaiokota na kushona, haraka, bila kosa, naye akiutazama kama mtu anayetazama kazi ya mwenzake.

Jaji akapapasa mshono kwa ukucha. Hakuona fundo.

"Kumbe unashona kwa shoto?"

Kitinda alitaka kusema hapana. Ulimi ukakataa.

"Tangu utotoni," mdomo wake ukasema.

Alishinda. Zawadi ilikuwa karakana, na jina la mshindi juu ya mlango. Jina lake kamili lilitangazwa kwenye kipaza sauti, likarudiwa. Watu walipiga makofi. Yeye alikaa tu, akitazama mbele.

Msuka vikapu akamsukuma bega. "We! Si unaitwa wewe?"

Jioni mama alikiona kidani. Hakukigusa. Alikinusa kwa mbali, kisha akautazama ule mkono wa kushoto.

"Ulinidanganya."

"Nilitaka mara moja tu, mama. Mara moja niitwe mimi."

"Nilikwambia ukate ili yeye aende." Mama hakupandisha sauti. "Sasa yeye amebaki. Wewe, mwanangu, sijui uko wapi."

Akachukua mkasi, akakata uzi mwenyewe. Shanga zikamwagika sakafuni. Kitinda akapiga magoti, machozi yakimtoka. Mkono wa kushoto ukaanza kuziokota, ukizichambua kwa rangi.

Kama mkasi ule ulichelewa au haukuchelewa, mama hakupenda kulizungumza.

Kilichobaki kinasimuliwa na jirani aliyekwenda Jumatatu asubuhi kutoa pongezi. Alimkuta mama ameketi uani na vikombe viwili vya chai. Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa wazi, na mtu alikuwa ndani, amewapa mgongo, anashona.

"Kitinda," mama aliita. "Kitinda, chai inapoa."

Hakuna aliyeitika.

Mama aliinamia kikombe chake muda mrefu. Kisha akaita tena, kwa sauti ya chini.

"Mashoto."

"Abee, mama."