Mtani wa Katikati ya Barabara

Foleni ya sukari mbele ya duka la ushirika la Kanyenye ilikuwa imepinda mara tatu, na Twalibu alikuwa wa nne kutoka mlangoni. Cheo hicho kikubwa alikipata kwa kuamka alfajiri. Alivaa bugaluu ya kahawia yenye miguu mipana ya kutosha kufagia uwanja, na kitana amekichomeka nyweleni. Nyuma yake alisimama msichana mwenye gauni la maua ya njano, kichwa kimesukwa twende kilioni. Twalibu aligeuka mara moja tu, na sukari ikamtoka akilini.

"Kaka, wenzako wamesogea," msichana alimwambia. "Au suruali imekanyagwa?"

Walipofika mlangoni, Twalibu alikuwa ameshajua kwamba anaitwa Mwanne, anakaa Chemchem, baba yake ni fundi bati, na yeye mwenyewe huunganisha simu katika ofisi moja ya serikali. Akampisha atangulie. Sukari ikaishia kwa Mwanne. Twalibu akarudi nyumbani mikono mitupu, akicheka peke yake kama aliyeshinda bahati nasibu.

Twalibu alikuwa dereva wa lori la pamba, akitoka Igunga kuja stesheni ya Tabora. Kuanzia wiki ile, simu ya bohari ya Igunga ilipata kazi ambayo hakuna kamati iliyoipitisha.

"Tabora hapa. Nikuunganishe na nani?"

"Niunganishe na wewe, kipenzi."

"Huyo yuko kazini, anajenga taifa. Una ujumbe?"

Aliwaachia ujumbe wote wawili, yule wa kazini na yule wa moyoni. Mwanne alicheka, lakini alimweleza wazi kwamba kama ana nia atume wazee kwa baba, maana yeye si redio ya kusikilizwa bure. Twalibu akaahidi kutuma wazee msimu wa pamba ukiisha.

Sasa lazima ielezwe habari ya Mzigua wa skuta. Huyu alikuwa mzee mwenye skuta kuukuu ya tangu kabla ya Uhuru, rangi ya kijani imebabuka, nyuma amefunga majiko na koroboi mpaka usawa wa kisogo. Ilikwenda mwendo wa bwana harusi anayesindikizwa, tena katikati ya barabara. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani akikutukana hadharani au akikuvua kofia, huruhusiwi kununa. Kwa hiyo Twalibu, Mnyamwezi halisi, kila alipomkuta alipiga honi na kumshauri ashuke aisukume, atafika mapema. Mzee naye hakugeuka. Alimjibu kwamba Mnyamwezi kazi yake ni kubeba mzigo, basi abebe, habari za mwendo amwachie mwenyewe. Miezi ikapita hivyo, kila mmoja ameridhika.

Alhamisi moja Twalibu alikuwa na haraka. Alitaka kumpigia Mwanne kabla hajatoka kwenda kula. Skuta ikawa mbele yake, katikati kama kawaida. Akapiga honi, akasogea, akasogea tena, mpaka mzee akalazimika kutoka barabarani. Pembeni kulikuwa na mchanga. Gurudumu dogo kama sahani lilizama, skuta ikalala, na majiko yakatawanyika. Kwenye kioo Twalibu alimwona mzee amekaa chini akipapasa kutafuta kofia. Mguu wake ulikwenda kwenye breki. Kisha ukaondoka.

"Pumzika, mtani," alipaza sauti dirishani, akapita.

Alipofika stesheni alikuta foleni ya simu, zamu yake ikafika baada ya saa mbili.

"Leo nilikimbia kukuwahi, mpenzi. Kuna mtani wangu wa barabarani, Mzigua mmoja wa skuta, nimemlaza mchangani na majiko yake yote. Ungemwona anavyotafuta kofia."

"Skuta ya kijani?" Mwanne aliuliza.

"Hiyo hiyo. Unaijua?"

"Majiko hayo nilimfungia mimi asubuhi. Nimeletewa habari sasa hivi. Baba amerudishwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, goti limevimba kama boga. Anasema dereva hakusimama."

Twalibu alijaribu kusema kwamba ulikuwa utani.

"Mtani angesimama," Mwanne akasema. "Angeshuka, akamcheka pale pale, halafu akamwinua. Wewe uliendesha."

Simu ikakatwa.

Siku mbili zilizofuata, kila alipopiga alijibiwa kwa sauti ya serikali kwamba laini ina watu. Siku ya tatu aliivua bugaluu, akaazima suruali ya mjomba wake, akaenda Chemchem akitembea kando kando ya ukuta.

Mzee Abasi, baba yake Mwanne, alikuwa mkekani, mguu juu ya mto. Mwanne alimfungulia mlango bila kumtazama, akapita nyuma ya pazia.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliivua kofia, akaiweka mkekani. "Tangu lini mtani akaniamkia kwa heshima hivyo? Chukua kofia yangu, mimi nichukue viatu vyako, tucheke, uende zako. Baina ya watani hakuna kesi."

Njia ilikuwa nyeupe. Twalibu angeweza kucheka na kutoka akiwa safi kama aliyetoka kuoga.

"Lakini nimesikia unampigia simu binti yangu," mzee aliendelea. "Kama umekuja kwa njia hiyo, hapo utani hakuna. Hapo umemwangusha mkweo, ukamwacha mchangani. Sasa sema mwenyewe. Umekuja kama nani?"

Masikio ya Twalibu yaliwaka moto. Alitazama vidole vya miguu yake, navyo havikumsaidia.

"Sikuja kama mtani," alisema. "Nilikuona kwenye kioo, baba. Nilishakanyaga breki, nikaiachia. Nilijua kwamba ule haukuwa utani."

Nyuma ya pazia sufuria liliwekwa chini taratibu.

Mzee Abasi hakusema amesamehe, wala hakumfukuza. Alisema kijiji kipya cha ujamaa kinangoja koroboi, watu wanakula gizani, na goti lake haliwezi kupiga kiki. Skuta iko uani.

Basi kwa majuma manne, kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Twalibu alipeleka majiko na koroboi. Siku ya kwanza alijisogeza pembeni kuwapisha wenye magari, akazama mara tatu, akaelewa kwa nini mzee hukaa katikati. Nyuma yake lilikuja lori la Ngollo, dereva mwenzake, likipiga honi tangu mbali. Ngollo alimshauri ashuke aisukume, atafika mapema. Kanyenye nzima ilicheka, hata watu wa foleni ya sukari walisahau shida zao. Maneno yale yalikuwa ya Twalibu mwenyewe, neno kwa neno.

Ijumaa ya juma la nne skuta ilizima mbele ya ofisi ya Mwanne. Mzigo ukaanza kuinama. Ngollo alikuwa nyuma, mkono juu ya honi, na makarani walikuwa wamejaa madirishani kama siku ya ziara ya kiongozi.

Mwanne alitoka. Alimpita Twalibu, akaenda kusimama mbele ya lori, akainua mkono. Ngollo akazima injini. Ndipo aliporudi, akayashika majiko yasianguke.

"Baba anauliza barua ya posa inaletwa lini."

"Mwanne, bado naona aibu."

"Iendelee, inakupendeza. Ila wazee wawe wamefika Jumapili."

Twalibu akapiga kiki mara tano, injini ikashika. Skuta iliondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, Mwanne ubavuni ameshika mzigo, na lori la Ngollo nyuma yao, bila honi, mpaka mwisho wa mtaa.